Mieleka ya Chini, na Namna ya Kuijua Barabara



Juma lililopita alikuja ofisini mama mmoja kuandikisha ubatizo wa mtoto wake mchanga. Tulipokwisha mambo ya cheti hakuondoka. Akaniambia, "Bwana Karani, nina neno jingine. Huyu mkubwa wangu kila jioni yuko mchangani na wenzake, wanakabana shingo na kukunjana mikono. Ati ni mchezo wa Brazili, wameuona katika simu. Nataka kujua, ni mchezo kweli, au wanajifunza unyang'anyi?"

Swali hilo si la mama yule peke yake. Sote twalijua neno kabali, nalo likitajwa hatufikirii michezo. Twamfikiri mtu aliyeshikwa kwa nyuma gizani, akirudi kutoka sokoni na fedha zake mfukoni. Na hao vijana nimewaona mwenyewe. Siku za mbalamwezi, taa zisipofaa kitu ziwani na mitumbwi ikalala ufukoni, hukusanyika kumi au kumi na watano, wakatazama simu moja, kisha wakajaribu waliyoyaona. Jioni moja niliona kijana wa miaka 16 akishikwa kabali mpaka mikono ikalegea na macho yakageuka, na wenzake wakicheka, wakidhani anafanya mzaha. Alipoachwa alianguka kama gunia. Alizinduka baada ya kitambo kidogo, hajui yuko wapi.

Basi jibu langu ni hili: mchezo ni wa kweli, tena ni mzuri, lakini vijana wetu wameushika mkiani. Wameanza na mambo ya mwisho. Shemeji yangu mmoja alikaa Unguja miaka kadhaa akicheza judo, ambayo ndiyo mama wa mchezo huo, na mengi nitakayoyasema juu ya mazoezi nimeyapata kwake, mengine kwa kusoma. Heri niyaeleze, ili mzazi ajue la kuruhusu na la kukataza, na kijana naye ajue kwa nini hasongi mbele ingawa anatoka jasho kila jioni.

Mchezo wenyewe waitwa jujitsu, nalo ni jina la Kijapani. Zamani yalikuwa maarifa ya kupigana bila silaha, na shule zake zilikuwa nyingi, kila moja na siri zake. Alikuwako huko kijana mmoja, Jigoro Kano, mdogo wa mwili, ambaye wenzake shuleni walimwonea. Akatafuta walimu wa jujitsu akajifunza kwao. Mwaka 1882, naye ana miaka 21 tu, akafungua shule yake mwenyewe katika hekalu moja la mji wa Tokyo. Shule akaiita Kodokan, na mchezo wake akauita judo. Baadaye alikuwa mkuu wa chuo cha ualimu cha Tokyo kwa miaka mingi. Mimi niliyepita chuo cha ualimu nalipenda jambo hilo, maana alilolifanya Kano kwa hakika ni kazi ya mwalimu, si ya askari.

Sikilizeni alivyofikiri. Katika shule za zamani palikuwa na mapigo ya hatari, kama kutia vidole machoni au kupiga koo. Mambo ya namna hiyo huwezi kumfanyia rafiki yako kwa nguvu zako zote. Utampofusha, na kesho huna wa kujifunza naye. Kwa hiyo mengi yalifundishwa kwa kuigiza: wewe wanyosha mkono hivi, nami nafanya hivi, kwa mapatano, kama watu wachezao ngoma. Kano akaondoa katika mazoezi ya kushindana yale yote yasiyoweza kufanywa bila kumvunja mwenzio. Akabakiza kuangusha, kukandamiza chini, kukaba, na kukunja kiwiko, yaani mambo ambayo mtu aweza kuyakomesha katikati ya njia. Kisha akawaachia wanafunzi washindane kweli, kila mmoja akikataa kushindwa kwa nguvu na akili zake zote.

Mtu angedhani kwamba mchezo uliopunguzwa ukali utazaa watu dhaifu. Ikawa kinyume. Aliyezoea kila siku kumwangusha mtu anayekataa kuanguka, alijua kuangusha. Aliyezoea kuigiza mapigo ya kutisha, alijua kuigiza. Sisi watu wa ziwa twapaswa kulielewa hilo upesi: hakuna aliyejifunza kuogelea kwa kupunga mikono mchangani.

Lakini ili watu washindane hivyo pasipo kuumizana, yatakiwa alama moja ambayo kila mtu anaiheshimu. Alama hiyo ni kugonga. Ukishikwa mahali usipoweza kutoka, wagonga kwa kiganja mara mbili au tatu juu ya mwili wa mwenzio, au chini. Kama mikono imebanwa, wagonga kwa mguu au wasema kwa sauti. Naye huachia papo hapo. Haulizi, hangoji kuhakikisha, haongezi kidogo ili akukomeshe. Kisha mwapeana mikono na kuanza tena. Mchezo mzima umesimama juu ya makofi hayo mawili. Vijana wetu wa ufukoni hawana alama hiyo. Kwao kugonga ni aibu, na kuachia mapema ni ujinga. Ndiyo sababu yule kijana alizimia, na ndiyo sababu vile vile tangu kiangazi kilipoanza hawajaongeza ujuzi hata kidogo.

Mtaniuliza, kuzimia na kutojifunza vinahusianaje? Vinahusiana sana. Mtu anayeona aibu kugonga hujilinda asishikwe kamwe. Hukaza mwili, hutumia nguvu zake zote, hushindana na wale tu anaowaweza. Hajaribu jambo jipya, kwa kuwa jambo jipya siku ya kwanza hushindwa. Mwaka ukiisha ana mashiko yale yale mawili aliyoanza nayo. Mwenzake aliyegonga mara kumi jioni moja amepewa mafundisho kumi bila ada.

Habari za Brazili zaonyesha jambo hilo wazi. Mwanafunzi mmoja wa Kodokan, Mitsuyo Maeda, aliondoka Japani mwaka 1904, akazunguka nchi nyingi akishindana na wacheza mieleka na mabondia, na mwaka 1914 akafika Brazili. Akakaa Belém, mji ulio karibu na mlango wa mto Amazon, hata akafa huko mwaka 1941. Miongoni mwa waliojifunza kwake alikuwa kijana Carlos Gracie, naye akawafundisha ndugu zake. Mdogo wao Hélio, aliyezaliwa mwaka 1913, alikuwa mwepesi wa mwili, hakuweza kuwabeba watu wazito na kuwabwaga. Basi jamaa hao wakazidi kuchunguza mapigano ya chini: mtu afanye nini akiwa amelala chali na mzito yuko juu yake? Hapo ndipo mchezo ulipopata sura yake ya Kibrazili. Ufundi wake mkubwa ni miguu. Mtu amelala chali, lakini miguu yake imemzunguka yule wa juu kiunoni, au inamzuia nyongani, na kwa hiyo yeye wa chini ndiye anayeongoza safari.

Mwaka 1951 alikuja Brazili bingwa wa judo kutoka Japani, Masahiko Kimura. Akashindana na Hélio katika uwanja wa Maracanã, mjini Rio de Janeiro, mbele ya maelfu ya watu. Kimura alikuwa mzito kuliko yeye kwa mbali. Akamshika Hélio mkono, akaupinda kwa nyuma, na Hélio asitake kugonga, hata watu wake wakatupa taulo kumwokoa. (Wako wanaomsifu kwa kutogonga. Mimi simsifu.) Lakini tazameni lililofuata. Lile shiko lililowashinda, jamaa wale walilichukua wakalifundisha, na mpaka leo katika jujitsu ya Brazili laitwa kimura, jina la mtu aliyewashinda. Kila anayejifunza mchezo huo, awe Rio au Nairobi, hulitaja jina hilo mazoezini.

Mwaka 1993 mwana wa Hélio, Royce, aliwashinda watu watatu kwa usiku mmoja mjini Denver, Marekani, katika shindano lililochanganya mabondia, wapiga karate na wacheza mieleka, naye hakuwa mtu mwenye misuli ya kutisha. Tangu hapo mchezo ulienea duniani. Kwetu Afrika ya Mashariki wako wanaoufundisha Nairobi na Dar es Salaam. Sisi wa Kigoma na Ujiji tuna simu na mchanga, basi tuone vitatufaaje.

Kwanza kabisa ni kuanguka. Shemeji yangu asema majuma ya mwanzo hakufundishwa kumwangusha mtu. Alifundishwa kuanguka yeye mwenyewe, mpaka akachoka nako. Kidevu kiende kifuani ili kisogo kisigonge chini. Mgongo uwe wa mviringo. Mkono upige chini wote kwa pamoja, tangu kiganja hata karibu na bega, ukiwa umetengana kidogo na ubavu. Wala usitegemeze kiganja nyuma ili kuzuia anguko, maana hapo ndipo vifundo vya mikono huvunjika. Kwa maoni yangu ujuzi huu ungefaa wafundishwe hata wapanda pikipiki wetu, kabla ya kupewa leseni.

Kisha mwendo wa nyonga. Huu ndio ninaotaka vijana wausome mara mbili. Ukilala chali na mtu mzito amekukalia, shauri la kwanza linalokujia ni kumsukuma kwa mikono kama mtu anayeinua mlango ulioanguka. Huwezi. Atakaa hapo mpaka mikono yako iishe nguvu, kisha ataichukua mikono hiyo iliyonyoshwa na kuikunja. Anayejua hamwondoi mtu, bali hujiondoa mwenyewe. Huweka kigasha chake kama nguzo baina yake na yule wa juu, si kwa kumsukuma, ila kwa kushika nafasi isizidi kupungua. Hukanyaga chini kwa mguu mmoja, huinua kiuno kidogo, kisha huirusha nyonga upande. Nafasi ya upana wa kiganja ikipatikana, hupenyeza goti. Goti likiisha kuingia, mguu wafuata, na mara yule wa juu yumo tena katikati ya miguu ya yule wa chini. Walimu huuita mwendo wa kamba, yule kamba wa majini, kwa jinsi mwili ukunjikavyo. Hufanywa peke yako, toka mwanzo wa mkeka hata mwisho wake, mara nyingi, kila siku. Hauna utamu wowote. Katika simu hauonyeshwi sana, na ukionyeshwa vijana wanaupita. Lakini ndio unaomtoa mtu chini.

Wapagazi wa bandarini nao wangeweza kuwa walimu katika jambo jingine. Mpagazi habebi gunia kwa mikono iliyonyoshwa. Gunia hugandama mwilini, na kazi ni ya mgongo na miguu. Vivyo hivyo viwiko vyako vikae karibu na mbavu, na mwili wa mwenzio uvutwe karibu na wako kabla hujataka kuugeuza. Wapiga makasia wanajua kwamba mkono ni ndoana tu, nguvu yatoka kwingine. Ukimwona kijana anahema na mikono yake inatetemeka baada ya dakika mbili, jua anapiga kasia kwa mikono.

Na hapa simu inapodanganya zaidi. Katika video waona kabali tu, kwa kuwa ndiyo inayopendeza macho. Huoni yaliyotangulia: jinsi mtu alivyoipita miguu ya mwenzake, akautuliza uzito wake kifuani pake, akangoja. Anayeirukia shingo kabla hajatulia juu, hutupwa, akajikuta yeye yu chini. Pita, tulia, kisha tafuta. Kijana akiweza kumkandamiza mwenzake dakika moja nzima bila kumkaba, akihamisha uzito kila mwenzake anapogeuka, amejua zaidi ya mwenye kabali kumi.

Sasa jioni yenu mtaigawaje? Tuseme mna saa moja. Dakika kumi ziende katika kuanguka na mwendo wa nyonga. Dakika ishirini zichukueni kwa jambo moja, nasema moja tu, kama vile kutoka chini ya mtu aliyekukalia tumboni. Mwanzoni mwenzio asikatae, nawe ufanye polepole mpaka mwili uelewe. Halafu akatae kidogo, kwa robo ya nguvu zake. Halafu nusu. Hapa wengi huharibu. Ama mwenzio alala kama gogo, nawe wajidanganya kwamba umejua, ama akataa kwa nguvu zote mara ya kwanza, nawe hujifunzi kitu. Kumsaidia mtu ajifunze kwa kumkatalia kwa kiasi kimfaacho ni kazi ya akili kuliko kumshinda.

Zilizobaki shindaneni, lakini msianze kwa kusimama kila mara. Anzeni pabaya. Mmoja awe juu, mwingine chini. Kazi ya wa chini ni kutoka, kazi ya wa juu ni kubaki, basi. Dakika mbili, kisha mbadilishane. Na yule mwenye nguvu kuliko wote kijijini aanze chini kila jioni kwa mwezi mzima. Atanung'unika. Lakini huyo nguvu zake zimemficha asione asilolijua, na chini ya mtu zitamwishia upesi.

Baada ya kugonga liko swali lenye faida kubwa: "Umenishikaje?" Muulize aliyekushinda, hata kama ni mdogo wako kwa umri. Tena umuulize lililotangulia, maana kosa halikai pale ulipobanwa. Mathalani umekabwa shingo. Ulikabwa kwa sababu ulinyosha mkono kumsukuma. Ulimsukuma kwa sababu goti lako halikuwa ndani. Basi ukirudi nyumbani ukafikiri namna ya kulinda shingo, umefanya kazi bure. Kosa la shingo lilianzia gotini. Yule aliyekushika ndiye aliyeliona, kwa kuwa yeye ndiye aliyelitumia. Mshindi naye asifiche. Akificha shiko lake ili awashinde wenzake daima, atabaki na wenzake wasiojua kitu, naye mwenyewe hatasukumwa na mtu kuendelea.

Andikeni pia. Mimi ni mtu wa madaftari ya orodha, labda napendelea kazi yangu, lakini daftari la shule ni bei ndogo. Usiku ule ule andika mistari mitatu: nani, alikushika wapi, alikuambia nini. Mwezi ukiisha lifungue. Ukikuta umekamatwa kiwiko cha kushoto mara sita, huna haja ya mwalimu kukuambia jambo la kufanyia mazoezi mwezi ujao.

Wala msihesabu kwa miezi. Katika jujitsu ya Brazili mtu mzima aanza na mkanda mweupe, kisha buluu, zambarau, kahawia, hata mweusi, na kwa kawaida safari hiyo yachukua miaka kumi hivi kwa mwenye bidii. Wazazi wanaoogopa kwamba watoto wao wanafundishwa wizi na wapime hapo: mnyang'anyi gani ana subira ya miaka kumi?

Nina habari ya watu waliozaliwa si mbali na sisi. Ukivuka ziwa letu mpaka Uvira, ukapanda bonde la Ruzizi, wafika Bukavu. Huko walizaliwa Popole Misenga na dada mmoja, Yolande Mabika. Vita vya Kongo viliwatenga na jamaa zao wakiwa watoto, kila mmoja kwa njia yake, wakafikishwa Kinshasa, na huko wakajifunza judo. Mwaka 2013 walikwenda Rio de Janeiro kuiwakilisha Kongo katika mashindano ya dunia. Hawakurudi. Waliomba hifadhi huko huko. Misenga amesimulia kwamba walikotoka, mchezaji aliyeshindwa alifungiwa, na chakula akapewa kidogo. Mtu aliyelelewa hivyo atamwonaje mwenzake wa mazoezi? Atamwona kama mtu aliyekuja kumnyang'anya sahani.

Walipokewa na mwalimu mmoja mzee, Geraldo Bernardes, ambaye zamani aliifundisha timu ya Brazili, katika Instituto Reação, shule ya judo inayohudumia vijana wa mitaa ya maskini. Bernardes alieleza kwamba mwanzoni walikuwa wakali mno mazoezini, wakiwabwaga wenzao vibaya. Ikambidi awafundishe kwanza kwamba mwenzako mkekani si adui yako. Hawa walikuwa watu waliokwisha kushindana katika mashindano ya dunia, na fundisho walilohitaji halikuwa shiko jipya. Mwaka 2016 wote wawili walichaguliwa katika timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki, timu ya watu kumi, na michezo ilikuwa mjini humo humo Rio. Mabika alishindwa pambano lake la kwanza. Misenga alimshinda Avtar Singh wa India, kisha akashindwa na Gwak Dong-han wa Korea ya Kusini, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mwaka uliotangulia. Mkoa wetu, ambao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa kwake mwaka 1996, hauhitaji kuelezwa ni umbali gani watu hao waliutembea.

Katika mji mkubwa anayeumiza wenzake huhamia ukumbi mwingine. Kijijini mko kumi tu. Wawili wakiteguka mabega, kikundi kimekufa. Tena bega la kijana si lake peke yake: asiyeweza kuvuta wavu usiku, nyumba nzima yaona asubuhi. Ndiyo maana nasema kumlinda mwenzako si adabu ya kupamba mchezo. Mwili wake ndio chombo unachojifunzia, naye amekuazima.

Mambo ya hatari niyataje bila kuzunguka. Kabali iliyokaa sawasawa hubana mishipa ya damu ya pande mbili za shingo, na mtu huzimia kwa sekunde kumi hivi, pengine chini ya hapo, bila maumivu makubwa ya kumwonya. Kwa hiyo gonga mapema, na mwenye kushika amtazame mwenzake usoni, au amweke mtu wa tatu atazame. Mtu akizimia, achieni mara moja, mlazeni, asimwagiwe maji kinywani, na siku hiyo asicheze tena. Akikawia kuzinduka, au akizinduka akasema maneno yasiyo na maana, apelekwe zahanati bila kungoja. Kuzungusha kisigino cha mtu ili kupinda goti kupigwe marufuku kabisa. Kiwiko huuma kabla ya kuvunjika, lakini goti kano zake zaweza kukatika kabla hujasikia maumivu. Watoto wa shule ya msingi wasikabane wala wasikunjane viungo. Waangushane na kukandamizana, itawatosha. Wasichana wanaotaka kujifunza wajifunze wao kwa wao, akiwapo mama mmoja wa kuwaangalia. Sioni ubaya wowote. Na kila kikundi kiwe na mtu mzima mmoja anayehudhuria, hata kama hajui mchezo, kazi yake ni kusema "Achia."

Mwenye nafasi ya kwenda kujifunza kwa mwalimu aende. Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyehamia Unguja mwaka 1987, alianza kufundisha judo kule katika miaka ya 1990. Na mwaka 2024 Andrew Mlugu aliiwakilisha Tanzania kwa judo katika Olimpiki ya Paris, katika uzito usiozidi kilo 73. Juma moja kwa mwalimu wa kweli ni bora kuliko mwaka mzima wa simu, naye akirudi kijijini awafundishe wengine.

Juu ya mahali pa kuchezea: mchanga wa ufukoni ni laini, lakini huingia machoni na huficha ndoana na vigae. Upekuliwe kwa mikono kwanza. Afadhali ni magunia yaliyojazwa pumba za mpunga, yakapangwa yakabanana, na turubai likavutwa juu yake na kufungwa kwenye vigingi, vigingi vikae mbali na mahali pa kuangukia. Kucha zikatwe, pete na hirizi zivuliwe. Mwenye choa au kidonda kibichi akae kando mpaka apone, maana choa huambukiza. Baada ya mazoezi kila mtu aoge kwa sabuni, na turubai lioshwe na kuanikwa juani, pande zote mbili.